Kwa nini viwavijeshi humaliza mahindi na kuacha maharage

Mkulima wa Bondeni aliyewahi kuvamiwa na viwavijeshi anaijua sura ya shamba asubuhi yake. Majani ya mahindi yamebaki ule uti wa katikati tu. Mpunga mchanga umekatwa karibu na maji. Nyasi za kulishia ng'ombe zimekwisha. Lakini maharage yaliyopandwa katikati ya mistari ya mahindi yamesimama vilevile, muhogo wa pembeni haujaguswa, na migomba na mikakao iko kama vile jeshi halikupita njia hiyo.

Ukiuliza, utajibiwa kwamba viwavi hawapendi maharage. Jibu hilo ni la kweli, na wanasayansi wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka mia moja: kiwavi anapendaje, anakataaje, na ni kitu gani kichwani mwake kinachomwambia ale au aache. Mkulima naye ana faida ya kulijua, kwa sababu fedha nyingi za dawa hupotea pale mtu anapopiga dawa kwa wakati ambao kiwavi ameshaacha kula, au anapoitupa dawa nzuri kwa kuwa kesho yake amewakuta viwavi bado wako hai.

Viwavi wawili wasiofanana

Kwanza tutenganishe wadudu wawili ambao majina yao yanakaribiana. Kiwavijeshi wa siku zote, yule tunayemfahamu Afrika Mashariki tangu zamani, huitwa kitaalamu Spodoptera exempta. Huyu hula mimea ya jamii ya nyasi: mahindi, mpunga, mtama, ulezi, ngano, miwa na malisho. Wakiwa wachache huwa wa kijani na wapole. Wakiwa wengi na kugusana kila wakati hubadilika, wanakuwa weusi mgongoni, wanatembea mchana kweupe na kula kwa pamoja.

Wa pili ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Asili yake ni Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwanzoni mwa 2016 na kufikia 2017 alikuwa ameingia Tanzania. Utamtambua kwa alama ya mstari mweupe kichwani unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa, na kwa madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe nne za mraba karibu na mkia. Yeye amekutwa akila aina zaidi ya 350 za mimea, ingawa mahindi ndiyo chaguo lake la kwanza. Haendi kwa makundi makubwa ardhini kama mwenzake. Hujificha katika moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochomoza yakiwa bado yamejikunja.

Ni ndugu kabisa hawa wawili, lakini mmoja anachagua sana na mwingine anakula karibu kila kitu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko mdomoni.

Vijiti vinne vya kuonja

Kiwavi haoni mbali. Macho yake ni vidoa vidogo vinavyotofautisha mwanga na giza na vitu vilivyo karibu. Anategemea harufu kidogo, na ladha sana. Chini ya mdomo wake, kila upande wa taya, kuna vijiti viwili vidogo sana visivyoonekana bila darubini. Kila kijiti kina tundu moja nchani, na ndani yake mna seli nne za ladha. Vijiti viwili kushoto na viwili kulia, seli nne kila kimoja: seli 16. Zipo nyingine kwenye vipapasio vya mdomo na nyingine kwenye dari la kinywa, lakini hizo 16 ndizo hufanya kazi kubwa ya kuamua.

Seli hizo zimegawana kazi. Ipo inayoamka ikigusa sukari. Ipo ya amino asidi, yaani vipande vya protini. Ipo ya chumvi. Na ipo seli ya machungu, inayoamka pale jani linapokuwa na kemikali ambayo kwa kiwavi huyo ni ishara ya hatari. Mgawanyo haulingani kwa kila aina ya kiwavi, na hapo ndipo penye siri ya maharage: jani linaloamsha seli ya sukari kwa kiwavi mmoja linaweza kuamsha seli ya machungu kwa mwingine.

Ukimtazama kiwavi mwenye njaa akiwekwa juu ya jani utaona anafanya mambo kwa mpangilio. Anapapasa kwanza kwa mdomo. Kisha anauma kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi. Jani likichanika maji yake hulowanisha vile vijiti. Baada ya hapo ama anaanza kutafuna kwa mwendo mmoja bila kusita, ama anainua kichwa na kuondoka.

Kwamba mdomo ndio unaokataa, na tumbo halihusiki, lilionyeshwa Marekani mwaka 1961. Waldbauer na Fraenkel walichukua viwavi wa tumbaku, ambao hula mimea ya jamii ya nyanya na tumbaku tu, wakawaondoa sehemu za mdomo zenye vijiti vya kuonjea. Viwavi hao wakaanza kula mimea ambayo kwa kawaida huikataa. Karibuni zaidi, mwaka 2019, watafiti wa China walizima kipokezi kimoja tu cha ladha kwa viwavi wa hariri, mdudu anayejulikana dunia nzima kwa kula majani ya mforosadi peke yake. Wakaanza kula matunda na hata punje za nafaka. Kumbe kilichokuwa kinawazuia ni kipokezi cha machungu. Kilipozimwa, dunia nzima ikawa chakula.

Upande mwingine ni ule wa kuvutwa. Mwaka 1910 mtafiti wa Uholanzi, Verschaffelt, alichukua kemikali kali inayopatikana kwenye mimea ya jamii ya kabichi na haradali, akaipaka kwenye majani ya mmea ambao viwavi wa kabichi hawaugusi. Wakaula. Ukali ule ule ambao mmea uliutengeneza ili kujilinda, kwa kiwavi huyu umegeuka kuwa alama ya chakula. Ni sawa na sisi na mchunga: mtoto anautema, mtu mzima aliyeuzoea anauulizia.

Mahindi nayo yana kinga yake. Mhindi mchanga ukiumwa hutoa kemikali inayowadhuru wadudu wengi wanaotafuna. Kiwavijeshi vamizi ameipatia dawa: tumboni mwake huibandika kemikali hiyo kipande cha sukari, nayo haimdhuru tena. Kwa hiyo kinga ya mhindi inayowasumbua wengine yeye anapita nayo.

Ubongo wa chini

Habari kutoka kwenye vijiti vya ladha hazipandi moja kwa moja kwenye ubongo mkuu. Zinaingia kwenye fundo la neva lililo chini ya umio, ambalo tunaweza kuliita ubongo wa chini. Hilo ndilo linaloendesha taya. Hujumlisha: sukari inasema kula, machungu yanasema acha. Machungu yakizidi, taya husimama. Sukari ikizidi, huendelea. Ndiyo maana jani lenye uchungu kidogo bado linaweza kuliwa na kiwavi mwenye njaa, na likakataliwa na aliyeshiba.

Lakini njaa yenyewe ni nini kwa mdudu? Hapa ndipo kemikali za ubongo zinapoingia. Kichwa cha kiwavi kina vitu ambavyo baadhi vinafanana na vilivyomo kwenye ubongo wa binadamu, kama serotonini na dopamini, na vingine ambavyo kwa wadudu vina nguvu zaidi, kama oktopamini. Pia kuna vipande vidogo vya protini vinavyobeba ujumbe. Watafiti wa Japani walipodunga kimojawapo cha vipande hivyo kwenye mwili wa kiwavi wa hariri, kiwavi alianza kula mapema kuliko wenzake ambao hawakudungwa.

Njaa pia hushuka hadi mdomoni. Wataalamu wa Uingereza waliokuwa wakichunguza kiwavi wa pamba, ndugu mwingine wa viwavijeshi hawa, walikuta kwamba aliyekosa protini kwa saa chache seli zake za amino asidi zinakuwa kali zaidi, na aliyekosa sukari seli zake za sukari ndizo zinazokuwa kali. Mdomo unaitafuta ile hasa iliyopungua.

Mfano wenye kutisha kidogo wa nguvu ya kemikali hizi unatoka kwa nyigu. Kuna nyigu wadogo, jamii ya Cotesia, ambao hutaga mayai ndani ya kiwavi. Mmoja wao, Cotesia flavipes, aliletwa kutoka Asia na kuachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993 ili kupambana na bungua wa mabua ya mahindi. Kisa kilichochunguzwa zaidi ni cha ndugu yake wa Marekani anayemshambulia kiwavi wa tumbaku. Watoto wa nyigu wakishakua hutoboa ngozi ya kiwavi, wakatoka na kujitengenezea vifuko vyeupe juu yake. Kiwavi hafi siku hiyo. Anabaki hai kwa siku kadhaa lakini hali tena kitu. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba wakati huo huo oktopamini katika damu yake hupanda sana. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba oktopamini ikiwa nyingi huvuruga neva zinazosukuma chakula kutoka mdomoni kwenda tumboni. Ukikuta shambani kiwavi mzubavu mwenye vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele karibu yake, mwache hapo hapo. Huyo hatakula tena shamba lako, na nyigu watakaotoka watakwenda kutafuta viwavi wengine.

Wafugaji wanaijua oktopamini bila kujua. Amitrazi, dawa inayotumika kuogeshea ng'ombe, hufanya kazi kwa kujifanya oktopamini katika mwili wa kupe. Kupe anachanganyikiwa, anaacha kunyonya na kudondoka. Tahadhari ni moja: dawa ya josho haikutengenezwa kwa ajili ya mahindi, na haifai kupigwa kwenye chakula.

Msokonoi na muarobaini

Elimu hii ya kumfunga kiwavi mdomo ilipata hatua kubwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kiliwapa kazi wataalamu wa kemikali ya kujaribu mimea ya dawa za kienyeji kwa viwavijeshi. Walikuwa wanakata vipande vya jani la hindi, wanavipaka maji ya mmea, na kumwekea kiwavijeshi wa Afrika. Mti mmoja uliwashangaza: msokonoi, ambao Wamaasai huuita osokonoi na Wakikuyu muthiga, ambao magome yake hutumika kwa kifua na tumbo, na ukiyatafuna yanawasha kama pilipili. Mwaka 1976 Kubo, Nakanishi na wenzao walitangaza kemikali waliyoitoa katika mti huo, wakaiita waburganali.

Mwaka uliofuata mtafiti wa hapo hapo Nairobi alionyesha inavyofanya kazi. Waburganali inaziharibu seli za ladha zinazosema kula. Kiwavijeshi aliyekaa kidogo kwenye jani lililopakwa hakurudi kula hata alipopewa jani safi la hindi. Alikuwa mzima, anatembea juu ya chakula, hakitambui.

Muarobaini una hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1959 nchini Sudan, mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wa jangwani wakishukia kila mti na kuuacha muarobaini. Kemikali yake kuu, azadiraktini, ilitolewa Uingereza mwaka 1968. Kwa viwavijeshi inafanya mambo mawili. La kwanza ni la mdomoni: inaamsha seli ya machungu na kuidhoofisha seli ya sukari, na kiasi kinachotosha ni kidogo mno, sehemu chache katika milioni. La pili ni la mwilini: kiwavi aliyemeza kidogo hushindwa kujivua ngozi, kwa sababu azadiraktini huvuruga homoni zinazoongoza kujivua. Atakufa, lakini baada ya siku kadhaa, pale anapotakiwa kubadili ngozi.

Kazi ya kumtazama mdomo

Hapa ndipo wakulima wengi wanapodanganyika. Mtu amepiga muarobaini jioni, asubuhi anakuta viwavi wanatembea, anasema dawa ni maji matupu. Swali linalofaa siku hiyo ni kama wanakula. Na majani hayatakujibu upesi, kwa sababu tundu unaloliona leo kwenye jani la mhindi huenda liling'atwa siku kadhaa zilizopita jani likiwa bado limejikunja moyoni, likajifungua likiwa na majeraha yake. Angalia kinyesi. Kiwavijeshi vamizi anayekula huacha moyoni mwa mhindi kinyesi kibichi, kilicholowa, kama unga wa mbao. Chagua mimea michache, isafishe moyo kwa kidole au kijiti, iwekee alama, rudi kesho yake. Pasipo na kinyesi kipya, mdomo umefungwa, hata kama kiwavi mwenyewe yupo.

Dawa ya bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, inayojulikana kama Bt, nayo iko hivyo. Kiwavi aliyeimeza huacha kula ndani ya saa chache kwa kuwa utumbo wake umeharibika, lakini anaweza kuchukua siku mbili tatu kufa. Kinyume chake ni dawa za virusi vya viwavijeshi, ambazo zimewahi kujaribiwa nchini. Kiwavi mwenye virusi huendelea kula siku kadhaa kabla ya kufa, hivyo hizo zinafaa kwa viwavi wadogo tu.

Na umri ni jambo kubwa. Kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa, na sehemu kubwa ya chakula chote cha maisha yake hukila katika hatua ya mwisho. Ndipo homoni inayomweka katika utoto hupungua, ile ya kujivua hupanda, na ubongo wake hubadilisha amri: acha kula, shuka, tafuta udongo. Viwavijeshi hutoweka karibu wote kwa siku moja au mbili. Aliyepiga sumu siku ya kuamkia hapo atasema imefanya maajabu, na jirani ambaye hakupiga chochote atakuta wake pia wameondoka. Ukikuta viwavi wakubwa, wanene, wanahangaika kushuka chini bila kutafuna, hela ya dawa ibaki mfukoni.

Kwa anayetaka kutumia muarobaini, mbegu zina nguvu kuliko majani. Kiasi kinachotumika sana ni gramu 50 za unga wa kiini cha mbegu kavu kwa lita moja ya maji, uloweke usiku kucha, uchuje kwa kitambaa, uongeze sabuni kidogo ili maji yashike kwenye jani. Piga jioni, kwa sababu jua huiharibu azadiraktini, na uelekeze moyoni mwa mhindi. Bondeni tuna tatizo la mvua. Dawa hii haihimili mvua zetu za Machi na Aprili, ikinyesha kubwa inabidi urudie.

Yako mambo ya kuzoea pia. Kiwavi anaweza kuuzoea uchungu. Mwaka 1996 watafiti wa Kanada waliwapa viwavi wa jamii hii azadiraktini iliyosafishwa, na baada ya muda wakaanza kuila bila kujali. Wale waliopewa maji ya muarobaini yasiyosafishwa, yenye kiasi kile kile cha azadiraktini pamoja na machungu mengine mengi ya mti huo, hawakuyazoea. Ni moja ya mara chache ambapo dawa ya kuchanganywa kwenye ndoo nyumbani ilikishinda kitu kilichosafishwa maabara.

Kuhusu utupa, mmea ambao wengi huku kusini wanautumia shambani na ghalani, ujue mambo mawili. Miti ya utupa haifanani. Utafiti uliofanywa Malawi, ng'ambo ya Songwe, ulikuta kwamba baadhi ya utupa uliokuwa kwa wakulima haukuwa na sumu inayotakiwa, ingawa kwa macho ulifanana na ule mzuri. Ukiona haukusaidii, tafuta mbegu kwa mtu ambaye wake unafanya kazi. La pili, utupa ni ule ule wa kuulia samaki, uliopigwa marufuku kwenye uvuvi. Bomba lisioshwe Mbaka, wala Kiwira, wala kwenye mfereji wa mpunga unaoishia ziwani.